Nondo wa ajabu Malindi, naomba mnisaidie kumtambua

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi. Usiku nondo mkubwa ametua ukutani karibu na taa ya baraza: kijani kibichi, michirizi ya waridi na nyeupe imepindana, utadhani amepakwa kwa brashi. Mashallah, ni mzuri mno!

Jirani asema ni yule aitwaye nondo wa Picasso, *Baorisa hieroglyphica*. Nimelinganisha picha: yule ana mistari myekundu na myeusi, tena ni wa India na Asia ya Kusini-Mashariki. Sidhani ndiye.

Kwenye oleanda yangu, kile kichaka cha maua, kuna viwavi wanene wa kijani, wenye madoa mawili ya buluu karibu na kichwa. Wanamaliza majani.

Je, ni watoto wa huyu nondo wa ukutani? Na nikiwaacha, oleanda itachipua tena? Sitaki kupiga dawa.