Mvua za kwanza za mwanangu, na swali la asali kwenye uji

Mama Binti, Tabora
Jamani habari za huku, binti yangu katimiza miezi 6 wiki hii na ndo mvua zimeanza, jana ilivyopiga bati akanyamaza kabisa anasikiliza, kiganja kakibandika kifuani kwangu, machozi yakanitoka. Sasa nimeanza kumpa chakula, unga wa dukani wenye mchanganyiko wa vitu kumi sitaki, nasaga mwenyewe ulezi na mahindi kidogo. Leo nimempa embe la uani, nimelipitisha kwenye chujio la chai nyuzi zote zikabaki, kakunja uso weee halafu akafungua mdomo tena. Ila bibi yake anataka nimtilie asali kwenye uji, hii yetu ya porini kabisa, nimpe?

Mama wawili
Asali hapana mpaka afikishe mwaka 1, hata iwe safi vipi. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake halijaweza kupambana navyo. Mwambie bibi kwa upole tu mpendwa, anampenda mjukuu.

Baba Ujiji
Huku Kigoma wa kwetu tulimwanzishia dagaa, unatoa vichwa, unaosha mchanga uishe, unakausha kwenye kikaango bila mafuta unasaga laini kabisa, kijiko cha chai kwenye uji na tone la mawese. Kipya kimoja kimoja dada, kaa siku 3 uone kama hana vipele. Na nyonyo usipunguze.

Mama Binti, Tabora
Asanteni sana, asali basi. Dagaa nafata sokoni kesho mvua ikikata.