Ati mshika ngazi, macho ya nini?! Yule bwana wa mafunzo amenitia hasira leo

BintiBarani

Wanajamvi, nimetoka huko sasa hivi, nguo bado zimelowa, na nisipoandika hapa nitapasuka.

Nyote mnamjua. Yule bwana wa kofia ya kijani ambaye faili haimtoki kwapani hata akienda msalani. Kama umewahi kuosha ukuta wa vila yoyote hapa Malindi, kuanzia Casuarina hadi Mayungu, umeshamwona. Sina haja ya kumtaja.

Leo alikuja kutufunza huduma ya kwanza na usalama, sisi kikosi cha kuosha nje. Kuta, paa, vioo, vibaraza, yote yetu. Masika imeacha kuta nyeusi kwa kuvu, wageni wa Julai wako njiani, na kila tajiri anataka vila yake iwe nyeupe jana. Kwa hiyo ni klorini asubuhi, klorini mchana, mashine ya presha inanguruma katikati. Nikasema alhamdulillahi, angalau leo tutajua la kufanya mtu akiumia.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa adabu zote alizonifunza mamangu: "Samahani bwana, klorini ikimwingia mtu machoni, kwanza afanye nini?" Akanitazama kutoka miguuni hadi kwenye mtandio. Akasema mbele ya kikosi kizima, mbele ya vijana wa rika la mwanangu: "Wewe si mshika ngazi? Macho ya nini?"

MACHO YA NINI!

Wakacheka. Mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kucheka. Mtunza bustani aliyekuwa mwisho wa kiwanja, ambaye hakusikia lolote, naye akacheka.

Sasa niulize mimi. Kutwa nzima ni nani anayetazama juu? Aliye kwenye ngazi anautazama ukuta. Mimi niko chini, shingo imepinda, namwangalia asiteleze, na kila tone linaloruka kwenye brashi yake lina anwani moja tu: uso wangu. Kama kuna macho ya mtu yanayohitaji kulindwa katika kazi hii ni ya mshika ngazi! Halafu mwenye faili ananiuliza macho ya nini.

Mafunzo yenyewe msiniulize. Moyo ukisimama, alitufundisha kwa kubonyeza mtungi wa lita ishirini. Alihesabu mpaka kumi na mbili akachoka, akasema "na kuendelea". Helmeti ilikuwa moja, ikahama kichwa hadi kichwa kwa ajili ya picha. Miwani ya kujikinga hatukuiona hata kwenye picha. Vyeti tulipewa, tukapigwa picha navyo, kisha akavikusanya vyote vikarudi kwenye faili. Ati vinahitajika kwa tenda.

Hayo yote ningeyameza. Lakini macho ya nini? Tuktuk nzima imesikia habari hii kabla hatujafika Barani na abiria wote wako upande wangu.

PwezaMkavu

Chai imenitoka puani 😂😂 Lakini mama, kweli, macho ya nini? Ngazi si unaishika kwa mikono?

BintiBarani

Cheka, mwanangu. Siku klorini ikikuingia tutaona utacheka kwa jicho gani.

Kaskazi_Kavu

NAMJUA! Alikuja kwetu sisi wa mabwawa. Mwenzetu akauliza, mtu akizama tufanyeje? Akajibu "asizame". Akafunga faili, akaenda kula. Huyo bwana hula chakula cha mchana kuanzia saa nne.

NesiMstaafu

Dada, pole sana. Swali lako lilistahili jibu, basi nitakujibu mimi.

Maji safi, papo hapo, mengi. Ya mfereji yanafaa. Inamisha kichwa, jicho lililoumia liwe upande wa chini ili maji yasitiririke kwenye jicho zima, fungua kope kwa vidole hata kama linawasha, na uoshe dakika 15 hadi 20 mfululizo. Usianze kukimbilia hospitali ukaosha baadaye, hapo dawa inaendelea kula jicho njia nzima. Osha kwanza, kisha nenda na chupa ya ile dawa ili daktari aione. Na jamani, maziwa ya mama yasitiwe jichoni. Asali pia. Nimeyaona hayo miaka yote ya kazi na yananiudhi hadi leo.

Huo mtungi nao, astaghfirullah. Ni katikati ya kifua, kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 30 ndipo pumzi 2, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Huachi kwa sababu umechoka. Unampokeza mwenzako.

BintiBarani

Ahsante nesi. Tazameni, jibu lenyewe linaingia kwenye nusu ukurasa! Angeweza kulisema kwa muda uleule aliotumia kunidhalilisha. Badala yake, macho ya nini.

FundiVigae

Nyinyi mna bahati mmepewa hata mtungi. Kwetu tajiri alituletea klorini na asidi ya kusafishia vigae, akasema changanyeni ndoo moja ili kazi iende mbio. Ilitoka gesi, tukatoka bafuni kwa magoti. Koo liliwasha wiki nzima. Klorini na asidi hazikai ndoo moja, hata vibao vya chupa vinasema, ila nani anasoma?

Ngazi nayo. Kila mita nne za kwenda juu, mguu wa ngazi unatoka mita moja kwenye ukuta. Na ukitaka kupanda darini, ipite ukingo kwa mita moja. Wiki iliyopita nimeona kijana karibu na Silversands ameisimamisha wima kama mlingoti, na mkononi ana fimbo ndefu ya alumini, waya za umeme zinapita pale pale. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

PwezaMkavu

Na aliyeshika hiyo ngazi alikuwa na macho? 🤣

MwanaLangoni

Nyinyi wa Malindi mnalilia tone la klorini. Njooni Amu, yaani Lamu. Mji wetu uliingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, nyumba za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na bado kuna mtu alileta mashine ya presha akaichapa ukuta wa marehemu babu. Lipu ya chokaa ikabanduka vipande vipande. Sasa kila mvua ikinyesha ukuta unakunywa maji.

Halafu kijana wake alijipiga maji ya mashine hiyo mguuni. Kitundu kidogo mno, hata damu haikutoka ya maana. Msimamizi akampaka dawa ya baridi, "rudi kazini". Usiku mguu umevimba hadi gotini.

NesiMstaafu

MwanaLangoni, hilo si jambo la kupaka dawa! Maji ya presha kubwa yanapenya ngozi na kwenda ndani na uchafu wote. Nje unaona kitundu, ndani nyama imeharibika. Huyo ni wa hospitali saa ile ile, na aseme wazi kwamba ni mashine ya presha, maana kwa kutazama tu mtu atadhani amechomwa na mwiba.

MwanaLangoni

Alipelekwa kesho yake kwa boti. Yuko hai. Lakini ukuta wa babu nani atanilipa?

SheriaTu

Mleta uzi, acha kulia, soma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe maelezo, mafunzo na vifaa vya kujikinga, na asikukate mshahara kwa ajili ya vifaa hivyo. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama na afya. Ukiumia kazini kuna Sheria ya Fidia ya mwaka huohuo. Cheti kiko kwenye faili ya nani si muhimu, haki ni yako.

Kaskazi_Kavu

Kakangu SheriaTu, wewe umewahi kuosha hata sufuria?

SheriaTu

Tusivunjiane heshima.

BintiBarani

Sikulia, nimekasirika! Na tuko zaidi ya ishirini, kamati hatujawahi kuiona. Kesho nitauliza habari ya kamati mbele ya watu wote. Nione kama ataniuliza kamati ya nini.

MlinziUsiku

Afadhali nyinyi mna mafunzo. Sisi walinzi tunafunzwa na mbwa. Mbwa wa kwetu alimuuma mwenzangu, tajiri akakimbia kumpa pole mbwa.

PwezaMkavu

Hapo mlinzi umeshinda uzi.

Kaskazi_Kavu

Mbwa wa upande gani? Kama ni yule mweupe wa karibu na njia ya ufukweni, huyo ana kesi na Malindi nzima. Alimla kuku wa shangazi yangu.

MlinziUsiku

Ndiye! Na ana kitanda chake. Mimi nina kiti cha plastiki chenye miguu mitatu.

FundiVigae

Mnazungumzia kiti? Hebu twende kwa hawa wa tuktuk. Jana nimetoka kazini na ndoo na brashi, ananiambia ndoo nayo inalipa nauli yake.

MamaMahamri

Heh, ndoo kulipa si kitu. Mimi karai langu lililipishwa kiti, halafu abiria mwingine akawekwa juu ya karai!

Kaskazi_Kavu

Ni yule wa maua ya plastiki kwenye kioo cha mbele? Tafadhali sema ndiye, maana nina deni naye.

MamaMahamri

Huyo huyo. Na redio ameifungua mpaka meno yanagonga.