Ulinganisho: Air Raid, spredi ya kusoma beki, Wing-T au opsheni ya njia tatu kwa kikosi hiki?

KochaMgeni

Wakuu, habari za leo. Nimekabidhiwa timu ya futiboli ya Kimarekani ya vijana wa miaka 15 hadi 17 na msimu uko karibu. Nataka kuchagua mfumo mmoja wa mashambulizi na kuushikilia. Kikosi kina wachezaji 27, na hali halisi ni hii.

Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, ana mkono wa wastani. Ndani ya yadi 20 anampa mtu mpira kifuani, lakini zaidi ya hapo unaelea. Anakimbia vizuri bila kuwa na kasi ya kutisha, na ni mtulivu. Safu ya mbele, wale watano wanaowazuia wapinzani, ni ndogo: mzito kuliko wote ana kilo 95, lakini magadi wote wawili, wanaokaa kando ya senta anayeanzisha mpira, ni wepesi wa miguu. Wa kukimbia na mpira, nina fulbeki mmoja anayependa kugongana, na pia mahafubeki wawili wenye kasi. Mpokeaji wa kutegemewa ni mmoja tu, wengine mpira unawaponyoka. Na wachezaji 8 wanaoanza wanacheza pande zote mbili, kushambulia na kulinda.

Mimi mwenyewe nilicheza Air Raid, mfumo wa kurusha pasi kwa wingi, na ndiyo ninayoijua, kwa hiyo moyo unaelekea huko. Lakini nikiwatazama hawa vijana napata wasiwasi. Naomba ushauri.

SentaMstaafu

Karibu kocha. Umefanya vizuri kuanza na watu kabla ya michoro. Wengi huja hapa na daftari limejaa mishale, ukiwauliza gadi wa kushoto ni nani hawajui.

Ushauri wangu ni uanze na watu watano wa mbele. Kamba hukatikia pembamba, na kwenye mpira huu pembamba huwa pale mbele. Mpokeaji dhaifu unaweza kumficha kwa kutomrushia. Takeli dhaifu, yule wa mwisho wa safu, humfichi, kwa sababu kila snapu, yaani kila mpira unapoanzishwa, kuna mtu mbele yake.

Safu ndogo haiwezi kusukuma watu kifua kwa kifua mchezo mzima. Inachoweza ni kupiga kwa pembe. Hapo ndipo Wing-T inapoingia, mfumo wa mbio na hadaa uliokuzwa na kocha Dave Nelson kule Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, kisha Tubby Raymond. Mtu wa mbele anamzuia beki aliye upande wake wa ndani, akimgonga ubavuni, wakati gadi anachomoka na kukimbia sambamba na laini kwenda kumfungia mlango beki wa pembeni. Kijana wa kilo 80 akimkuta mtu ubavuni anamhamisha hata kama ni wa kilo 110. Akimkuta usoni, anahamishwa yeye.

Kabla hujaamua, wapime hao magadi. Mweke gadi katika mkao wake, piga snapu, achomoke akimbie yadi 7 kando ya laini, kisha agonge pedi iliyoshikwa na mwenzake. Arudie mara 6 bila kupumzika. Usiangalie mara ya kwanza, angalia ya sita: je, bado mabega yako chini, au ameshasimama wima kama anakimbilia basi? Wakifaulu wote wawili, una Wing-T. Akifaulu mmoja, una nusu yake.

PasiFupi

Naheshimu maneno ya mzee Senta, ila tusimfukuze kocha kwenye pasi kwa sababu mkono wa kijana ni wa wastani.

Kumbukeni Cincinnati Bengals wa NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani. Mwaka 1969 walikuwa na kwotabeki Greg Cook, mkono kama kombeo, wakapanga kurusha mbali. Akaumia bega. Mwaka 1970 kazi ikamwangukia Virgil Carter, ambaye hakuwa na mkono ule, lakini alikuwa na akili, miguu na shabaha. Bill Walsh, aliyekuwa kocha msaidizi pale, akapanga upya mashambulizi: pasi fupi, za upande kwa upande, zenye muda uliohesabiwa kwa hatua za kwotabeki. Timu ikatwaa kundi lake mwaka huohuo, na mwaka 1971 Carter akaongoza ligi nzima kwa asilimia ya pasi zilizokamilika, 62.2. Ndiyo mbegu ya mfumo wa pasi fupi uliokuja kuitwa West Coast.

Kwa hiyo, kocha, kijana wako wa yadi 20 anaweza kabisa. Na Air Raid ina michezo michache inayorudiwa mno, ambayo vijana huishika haraka. Ile nafasi pana inayoachwa kati ya watu wako wa mbele pia husaidia safu ndogo, kwa sababu beki wa pembeni anakuwa na safari ndefu zaidi kumfikia kwotabeki.

Yadi53

Mkuu PasiFupi, hesabu kidogo. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi. Kwa shule za sekondari Marekani alama za ndani, ambazo mpira huwekwa juu yake au kati yake kabla ya kuanzishwa, zinagawa upana huo katika theluthi tatu. Mpira ukiwa alama ya kushoto, kwotabeki akiwa yadi 7 nyuma, na mpokeaji akikata kwenda nje upande mpana kwenye yadi 10, pasi hiyo inayoandikwa "yadi 10" inasafiri hewani zaidi ya yadi 35. Kwa kijana huyu mpira utaelea, na beki atafika kabla yake.

Hilo linafuta nusu ya uwanja. Mabeki wakiligundua watasogea wote ndani, na zile pasi fupi za katikati zitakuwa na watu wengi. Anaweza kurusha, ndiyo, lakini sioni jinsi anavyoweza kuwa mhimili wa kila kitu.

Jambo la pili ni saa. Pasi isiyokamilika inasimamisha saa. Ukikosa tatu mfululizo umetumia sekunde chache tu, na wale vijana 8 wanabaki uwanjani kulinda bila hata kunywa maji. Kwa kikosi cha watu 27, hili peke yake lingenitoa kwenye Air Raid.

NjiaTatu

Mbona opsheni ya njia tatu hakuna aliyeigusa? Timu za vyuo vya kijeshi, Navy, Army na Air Force, zimeishi nayo miaka mingi kwa sababu hiyohiyo ya kocha: watu wao wa mbele huwa wadogo kuliko wapinzani. Siri yake ni kwamba mabeki wawili wa wapinzani hawazuiwi kabisa, wanasomwa. Wa kwanza akimfuata fulbeki, kwotabeki anabaki na mpira. Wa pili akimjia kwotabeki, mpira unarushwa pembeni kwa hafubeki. Huyo beki mkubwa ambaye takeli wako hamwezi, humgusi. Na watu wako wawili wa mbele wanakuwa huru kwenda kumshughulikia mtu mwingine.

Ila niseme ukweli, maana nimeifundisha. Ule wakati kwotabeki ameweka mpira tumboni mwa fulbeki na macho yako kwa beki, mikono yake ndiyo inaamua aachie au avute. Ni chini ya sekunde moja. Sisi tulikuwa tukirudia tendo hilo dakika 20 kila siku ya mazoezi, kabla ya kitu kingine chochote, na bado mechi mbili za mwanzo tuliangusha mpira mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kama una siku mbili tu za mazoezi kwa wiki, usiiguse.

Mshangiliaji8

Mimi ningejenga kila kitu kumzunguka kwotabeki. Baltimore Ravens walifanya hivyo kwa kwotabeki wao Lamar Jackson mwaka 2019: wakakimbia yadi 3,296, rekodi ya NFL, yeye mwenyewe 1,206, wakamaliza msimu wa kawaida wakiwa wameshinda 14 na kushindwa 2. Spredi, watu watawanywe upana wa uwanja, kwotabeki amsome beki ndipo aamue kutoa mpira au kukimbia nao, basi.

SentaMstaafu

Ndugu yangu, mfano mzuri, lakini utazame mpaka mwisho. Kwotabeki wa akiba nyuma ya Jackson alikuwa Robert Griffin III, naye ni mtu wa miguu. Angeumia wa kwanza, wa pili angeingia kwenye daftari lilelile. Kocha, kwotabeki wako wa pili ni nani?

KochaMgeni

Wa pili ni yule mpokeaji wangu mmoja wa kutegemewa.

Yadi53

Basi spredi imekufa hapo. Kwotabeki anayekimbia mara 15 kwa mechi atagongwa mara 15, na siku akitoka unapoteza watu wawili kwa jeraha moja: kwotabeki, na mtu pekee wa kumrushia.

KochaMgeni

Sikuwa nimeliona hivyo, asante sana. Nina mazoezi siku tatu kwa wiki, kwa hiyo opsheni kamili nayo naona ni mzigo. Kinachonitisha kwenye Wing-T ni kwamba kwotabeki wangu amezoea kupokea mpira akiwa amesimama hatua kadhaa nyuma, hajawahi kuupokea kwa kuweka mikono chini ya senta.

PasiFupi

Hilo lisikutishe. Gus Malzahn alipokuwa mratibu wa mashambulizi katika chuo cha Auburn mwaka 2010, wakachukua ubingwa wa taifa wa vyuo na kwotabeki Cam Newton, mawazo mengi ya Wing-T yalikuwa mle ndani, magadi wanachomoka, hadaa juu ya hadaa, na kwotabeki amesimama nyuma. Mwache pale alipozoea.

Na nakubali kushindwa nusu. Ila uwekee pasi tatu, si zaidi, zote zianze na mwendo uleule wa mbio ya pembeni: kwotabeki anahadaa kumpa hafubeki, anazunguka upande wa pili akiwa na mpira. Akirusha huku anakimbia kuelekea ukingoni, umbali unafupika na ule mkono wa wastani unatosha. Mpokeaji wako mzuri mweke upande huo.

KochaMgeni

Wakuu, narudi na majibu. Leo jioni nimefanya kipimo cha mzee Senta. Gadi wa kulia, mara ya sita ilikuwa sawasawa na ya kwanza, na aliyeshika pedi akaniomba abadilishwe. Wa kushoto ana nguvu na moyo, lakini alikuwa akichomoka anamkuta fulbeki njiani, wakagongana mara mbili. Nimeamua Wing-T ya kusimama nyuma, mbio nne, zile pasi tatu, na nitaanza na mbio za kulia tu mpaka zikae. Swali langu moja: huyu wa kushoto anakosea wapi?

SentaMstaafu

Hatua ya kwanza. Nina hakika anaanza kwa kunyanyua mguu kwenda mbele, halafu ndipo anageuka, na hapo ndipo fulbeki anapopita. Mwambie mguu wa upande anaokwenda urudi nyuma kidogo, kama nusu ya urefu wa kiatu, huku kiwiko cha mkono uleule kikivutwa nyuma kwa nguvu. Kiwiko ndicho kinachogeuza kiuno. Mchoree mstari chini nyuma ya visigino vya senta, afanye taratibu bila mpira na bila fulbeki mara 10 kabla ya mazoezi. Keshokutwa mrudishe fulbeki, utuambie.