Longmen, Yungang au Dazu: mwenye nafasi ya sehemu moja tu aende wapi?

Shomvi_GZ
Wakuu, heshima kwenu. Mama yangu anakuja Guangzhou mwezi wa nne, na tukishamaliza ya masokoni nataka nimpeleke akaone michongo ya kale ya dini, ile iliyochongwa kwenye miamba. Muda unatosha sehemu moja tu. Nimechuja zikabaki tatu: Longmen iliyoko Luoyang, Yungang ya Datong, na Dazu upande wa Chongqing. Mama anasumbuliwa na magoti, ngazi nyingi hazimfai. Tena ni mtu wa maswali, hatosheki kuonyeshwa sanamu mpaka ajue nani kaichonga na kwa nini. Na chakula lazima kiwe halali. Mliofika huko, nishaurini.

Mto_Jialing
Kwa mtu wa maswali, Dazu haina mpinzani. Nasoma Chongqing na kila mgeni wangu nampeleka huko.

Nenda Baodingshan, mlima wa michongo ulioko Dazu. Mtawa Zhao Zhifeng ndiye aliyeongoza kazi ile, kati ya mwaka 1174 na 1252, na aliipanga ili hata asiyejua kusoma aelewe. Unatembea kando ya ukuta wa bonde, picha moja inakukabidhi kwa nyingine. Kuna gurudumu la maisha lililobanwa na zimwi kwa meno na mikono. Kuna Buddha aliyelala, urefu wake mita 31, na hapo ni sehemu ya juu ya mwili tu. Halafu mnafika ukuta wa fadhila za wazazi, ambapo naamini mama atasimama muda mrefu: mwanamke mjamzito, anajifungua, ananyonyesha, kisha usiku anamsogeza mtoto palipo pakavu, yeye analala palipolowa. Hapo hahitaji mkalimani. Baada yake zinakuja adhabu za jehanamu, visu na masufuria ya moto, na walevi wanaonyeshwa pamoja na aibu zao.

Pia kuna Guanyin wa mikono elfu, yule Wabuddha wanayemwomba huruma. Walipomkarabati, kazi iliyodumu kuanzia 2008 hadi 2015, mikono ilihesabiwa ikakutwa 830. Yote imefunikwa kwa dhahabu.

Sharifa_Pangani
Mto_Jialing umeeleza vizuri, ila mimi nasema Longmen. Mama anatoka mbali, aone kile ambacho dola nzima ilikigharimia. Kazi ilianza kama mwaka 493, wafalme wa nasaba ya Wei ya Kaskazini walipohamishia makao yao Luoyang, na nasaba zilizofuata zikaendeleza. Sanamu zinapita 100,000, nyingine ndogo kama kidole. Ile kubwa ya pango la Fengxian ina mita 17.14 na ilikamilika mwaka 675. Wu Zetian, aliyekuja kuwa mwanamke pekee kutawala China kwa cheo cha mfalme mkuu, alichangia kutoka kwenye fungu lake la vipodozi. Uso wa sanamu hiyo umetulia kiasi kwamba watu wanaofika wakipiga kelele hunyamaza.

Kufika miguuni pake kuna ngazi, ila si lazima mama apande. Vukeni Mto Yi kwa daraja, mkae ng'ambo, mtaona jabali zima. Na chakula kisikutie wasiwasi: Luoyang ina Waislamu wengi wa Kihui, supu yao ya ng'ombe asubuhi ni tamu kweli. Angalia kibao cha qingzhen, yaani halali, mlangoni.

Mzee_Usambara
Ongeza jambo moja kuhusu Longmen, bwana Shomvi, ili mama asishtuke. Sanamu nyingi hazina vichwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 walanguzi walivikata wakaviuza nje. Ile michongo ya msafara wa mfalme na malkia kutoka pango la Binyang leo imegawanyika: wa mfalme uko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na wa malkia uko Nelson-Atkins, Kansas City. Inaumiza kusimama mbele ya ukuta uliochimbuliwa namna ile. Dazu ilinusurika zaidi kwa kuwa ilikuwa mbali na njia.

Kwa magoti, Yungang ndiyo nafuu kuliko zote. Mapango yamejipanga mstari mmoja chini ya jabali, ardhi ni tambarare. Mtawa Tanyao aliianza mwaka 460, miaka kama 14 tu baada ya mfalme Taiwu wa Wei hiyohiyo kuupiga marufuku Ubuddha na kubomoa mahekalu. Ukijua hilo unaelewa kwa nini walichagua mlima: mbao huungua, jabali halichomeki. Buddha wa pango la 20 yuko nje kabisa siku hizi kwa sababu ukuta wa mbele ulianguka zamani. Lakini Datong mwezi wa nne bado kuna baridi na upepo wa vumbi, na kutoka Guangzhou ni mbali. Inamfaa zaidi aliyeko Beijing, treni ya mwendokasi ni kama saa mbili.

Shomvi_GZ
Asanteni sana. Nimeanza kuegemea Dazu. Kuna mtu kaniambia niache zote niende Leshan, mnaonaje?

Sharifa_Pangani
Leshan ni Buddha mmoja wa mita 71, kazi ya mwaka 713 hadi 803. Ukubwa wake unatisha. Ila ngazi za kushuka ubavuni ni nyembamba na wima, foleni yake ni ya kuchosha. Kwa mama ni boti tu, amwone kutoka mtoni. Kwa maswali yake, patamwishia haraka.

Mto_Jialing
Kama ni Dazu, basi sikiliza. Baodingshan kuna ngazi za kushuka bondeni na kupanda, si nyingi mno, mwende taratibu asubuhi mapema. Akichoka, siku ya pili mpeleke Beishan, iliyoanza mwaka 892: michongo imejipanga kwenye ujia wa kama mita 300. Akiuliza kuhusu dini nyingine, mwambie kule Shizhuanshan, katika wilaya hiyohiyo, Buddha, Laozi wa dini ya Tao na Konfusio wamechongwa kwenye mlima mmoja.

Epuka sikukuu ya Qingming, ya kuzuru makaburi, tarehe 4 au 5 mwezi wa nne, na wiki ya Mei Mosi. Treni kutoka Chongqing inashukia Dazu Kusini, halafu basi au teksi. Tiketi zinakatwa kwa pasipoti, hivyo ya mama mtembee nayo. Chakula cha qingzhen Dazu ni cha kutafuta. Nunueni Chongqing kabla ya kupanda treni.