Gari la otomatiki la mwaka 1999 linatetemeka nikisimama kwenye D, na tena nikifika kilomita 70 kwa saa

Msafiri wa Kimara

Habari zenu, ndugu zangu. Nina gari dogo la mwaka 1999, lenye injini ya cc 1,500 ya silinda 4 na giaboksi ya otomatiki ya gia 4, ambalo kwa miezi kadhaa sasa limekuwa likitetemeka kwa namna mbili, nami sijui kama ni ugonjwa mmoja au miwili. Kwanza, nikiwa kwenye foleni nimeweka D (gia ya kwenda mbele) na kukanyaga breki, kiti na usukani hutikisika, hata kioo cha ndani hucheza, lakini nikirudisha N (gia huru) hali hutulia papo hapo. Pili, nikiwa njiani kuelekea Chalinze, kati ya kilomita 65 na 80 kwa saa huku nikikanyaga mafuta kidogo tu, hutokea mtetemo wa sekunde mbili tatu, kama vile gari linapita juu ya matuta membamba yaliyopangwa barabarani, kisha unapotea.

Gereji ya kwanza walibalansi matairi, na hakuna kilichobadilika. Ya pili wakabadilisha plagi zote pamoja na drafshafti (mhimili unaozungusha gurudumu) ya kulia, mtetemo ukabaki ule ule. Sasa fundi wa tatu anasema giaboksi imekufa, nikanunue nyingine ya mtumba Kariakoo. Gari hili ndilo linalompeleka mama yangu kliniki kila mwezi, kwa hiyo sitaki kuendelea kubahatisha. Nianzie wapi?

Fundi Mstaafu, Tanga

Mwanangu, usinunue giaboksi bado. Umeeleza vizuri kuliko wateja wengi niliowahi kuwahudumia, na maelezo yako yenyewe yameshaondoa nusu ya washukiwa. Tairi lisilo na balansi halina habari na kiwango cha mafuta unachokanyaga. Hufuata mwendo wa gari tu, na kwa kawaida huanza kusumbua kuanzia kilomita 80 au 90 na kuendelea. Usukani ukitikisika, shaka matairi ya mbele. Kiti kikitikisika, shaka ya nyuma. Mtetemo wako unategemea mguu wako, kwa hiyo waliobalansi walitibu kitu ambacho hukukilalamikia. Drafshafti nayo, jointi yake ya ndani ikilika, hutetemesha gari unapokanyaga mafuta kwa nguvu, hasa ukipanda mlima, si unapokanyaga kidogo.

Tuanze na ule wa foleni. Injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye N haina mzigo, lakini ukiweka D huku umeshika breki, inalazimika kusukuma giaboksi isiyokwenda popote, na kwa kufanya hivyo hujipinda juu ya mauntingi zake, yaani mipira inayoibeba. Mpira uliochanika au uliokauka hauwezi tena kumeza mtikisiko huo, unaupitisha wote kwenye bodi. Fungua boneti, mtu unayemwamini akae kwenye usukani akishika breki ya mguu na ya mkono kwa pamoja, abadilishe kutoka N kwenda D, kisha R (rivasi), bila kukanyaga mafuta hata kidogo. Wewe simama ubavuni, kamwe usisimame mbele ya gari. Injini ikiruka au ikiinama sana upande mmoja, umempata mhusika. Linganisha pia D na R, kwa sababu injini hujipinda kuelekea pande tofauti, na upande unaotetemesha zaidi hukuonyesha maunting ipi ya kukagua kwanza.

Kabla ya hapo, hata hivyo, tazama mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika. Kutoka 750 kwenye N kushuka hadi kama 650 kwenye D ni jambo la kawaida. Ukishuka hadi 500 na injini kutaka kuzima, mauntingi hazina kosa. Hapo safisha throtobodi (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini) na ukague mipira ya hewa iliyopasuka. Na kama silinda moja haichomi, utaitambua kwa mdundo wake. Injini ya silinda 4 kwenye mizunguko 700 huchoma takriban mara 23 kwa sekunde, na huo ni mtetemo mwembamba. Silinda moja ikilala, gari hutikiswa kama mara 6 kwa sekunde, mdundo mzito ambao mkono juu ya usukani unaweza karibu kuuhesabu.

Mama Wawili, Dodoma

Ndugu, ule mtetemo wako wa pili niliishi nao mwaka mzima, nami pia niliambiwa giaboksi imekufa. Kati ya injini na giaboksi kuna toki konveta, chombo cha duara kilichojaa mafuta, na ndani yake kuna klachi ndogo inayoshika ukiwa kwenye mwendo wa wastani na mafuta kidogo, ili injini na giaboksi zizunguke pamoja bila kupoteza nguvu. Mafuta ya giaboksi yakichoka, klachi hiyo hushika na kuteleza, hushika na kuteleza, nawe unasikia matuta yasiyokuwepo.

Kipimo chake hakigharimu senti. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na gari nyuma yako, subiri mtetemo uanze, kisha bila kuachia mafuta gusa pedeli ya breki kwa mguu wa kushoto, kiasi tu cha kuwasha taa za nyuma. Swichi ya breki huiamuru klachi iachie. Mtetemo ukikatika papo hapo, jibu unalo. Unaweza pia kuzima O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa) kwa kitufe cha kwenye gia: mizunguko itapanda, labda kutoka 2,000 hadi 2,800, wakati mwendo ni ule ule, mtetemo ukibaki kama ulivyokuwa, rudi kwenye matairi.

Mimi nilibadilisha mafuta kwa mashine inayosukuma yote kwa mkupuo mmoja, na hali ikawa njema.

Fundi Mstaafu, Tanga

Dada yangu, kuhusu konveta nakubaliana nawe kabisa, lakini kuhusu mashine naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Kwa giaboksi ya umri huu, ambayo hatujui mafuta yake yalibadilishwa lini, naona ni salama zaidi kumwaga kwa nati ya chini, kuongeza kiasi kile kile kilichotoka, kutembea wiki moja au mbili, kisha kurudia. Kila mara hutoka chini ya nusu, maana mengine hubaki ndani ya konveta. Zikitoka lita 3 kati ya 7, baada ya mara 3 mafuta ya zamani yanabaki kama sehemu moja ya tano. Fungua pia sampo (bakuli la mafuta chini ya giaboksi) uone chujio na sumaku: vumbi laini la kijivu ni la kawaida, lakini vipande vya chuma si vya kawaida, na ukiviona ndipo tuzungumze habari ya giaboksi nyingine. Weka aina ya mafuta iliyoandikwa kwenye kijiti au kwenye kitabu cha gari, wala usikubali kuambiwa kwamba yote ni sawa kwa kuwa yote ni mekundu. Pima kijiti kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, kwa magari mengi injini ikiwa moto na inaunguruma, gari likiwa mahali tambarare.

Msafiri wa Kimara

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana dada. Ni wiki ya tano sasa. Kwenye D mshale ulisimama 650, lakini maunting ya nyuma ilikuwa imekatika katikati, tukaona mwanga upande wa pili. Ile ya kwanza tuliyofunga ilikuwa ya bei rahisi, mpira wake mgumu kama ubao, na gari likatetemeka kuliko mwanzo. Nikairudisha dukani na kufunga nyingine laini zaidi. Foleni sasa imetulia.

Kuhusu konveta, nilipogusa breki mtetemo ulikatika mara zote nne nilizojaribu. Mafuta yalitoka ya rangi ya kahawia, na sumaku ilikuwa na vumbi tu. Nimemwaga mara mbili. Mtetemo umebaki nikipanda mlima mdogo nikiwa na abiria wanne, na ni hafifu.

Fundi Mstaafu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Mwaga mara ya tatu, kisha utembee kama kilomita 1,000 kabla ya kuhukumu. Mtetemo ukibaki hivyo hivyo bila kuongezeka, zima O/D kwenye milima na uendelee kumpeleka mama kliniki. Ukiongezeka, konveta pekee hubadilishwa. Mtu asikuuzie giaboksi nzima.