Alama za vidole kabla ya huduma: sisi wa Lamu tukubali tu?

Mwanzisha mada (Langoni, Amu)

Assalamu alaykum. Naleta swali hili kwa sababu limeshatufika mlangoni. Chini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mgonjwa sasa anathibitishwa kwa alama za vidole. Kitambulisho kinachukuliwa kwa alama za vidole, na kura vilevile tangu 2013. Je, ni haki huduma ya lazima ifungwe kwenye kidole cha mtu?

Msimamo wangu ni hapana, mpaka iwepo njia ya pili iliyoandikwa, na mtu wa papa hapa kisiwani mwenye mamlaka ya kuitumia.

Ami yangu ni mvuvi wa mshipi. Uzi wa nailoni umepita vidoleni mwake tangu utotoni. Kidole chake cha shahada hakina mistari tena, kina makovu ya kukatwa na uzi. Nilimpeleka ofisi moja hapa mjini. Karani akapangusa kioo cha mashine, akamwambia ajifute mkono kwa kikoi, akajaribu gumba la kulia, la kushoto, vidole vyote kumi. Taa ikawa nyekundu kila mara. Mwisho akamwambia, "Mzee, rudi wiki ijayo labda vitakuwa vimelainika." Mtu wa miaka sabini, anayejulikana na mji mzima, akaondoka bila huduma. Nani amewahi kuona vidole vya mvuvi vikiota mistari mipya kwa wiki moja?

Muuguzi, Lamu

Waalaykum salaam. Kaka, pole kwa mzee, lakini nakupinga. Mimi niko kwenye kaunta kila siku. Majina yetu yanafanana mno: akina Mohamed Ali wa Faza peke yao wanajaza kabati la mafaili. Nimeona mtu akitibiwa kwa kadi ya nduguye, na historia ya ugonjwa ikaingia kwenye faili lisilo lake. Siku ndugu huyo akija amezimia, tunasoma damu ya mtu mwingine. Halafu kuna madai hewa, mgonjwa hayupo lakini hospitali inalipwa. Pesa hizo ni zetu. Kidole kinazuia yote hayo.

Mbajuni wa Kizingitini

Dada, unasema kweli, lakini wewe unaiangalia mashine kutoka upande wa kaunta. Sisi tunaotoka visiwani tumezoea kuulizwa cheti cha babu na babu wa babu kabla ya kupewa kitambulisho, huku mwenzako wa bara anachukua chake bila maswali. Februari 2025 Rais alitangaza kule Wajir kwamba msasa huo kwa watu wa mipakani umekwisha. Alhamdulillahi. Hofu yangu ni msasa urudi kupitia mashine.

Angalieni yaliyowapata Garissa. Miaka ya ukame, Wakenya wengi maskini waliingia kambi za Dadaab wapate chakula, wakachukuliwa alama za vidole kama wakimbizi. Wengine walikuwa watoto. Walipofika umri wa kitambulisho, mtambo ukawasoma wakimbizi. Maelfu wamekaa miaka bila kitambulisho kwa sababu ya gunia la unga. Karani hakuwa na la kufanya, alikuwa akisoma alichoonyeshwa.

Mwenye duka, Mkomani

Mimi nina swali moja. Daftari langu la M-Pesa lina majina, simu na namba za vitambulisho vya nusu ya mtaa, na liko wazi juu ya kaunta. Mbona hamlipigii kelele hilo?

Mwanzisha mada

Tulipigie, ami, na tafadhali lifunike. Lakini namba ya simu ikivuja nitabadilisha laini. Kidole nitakibadilisha na nini? Mwaka 2023 watu walipanga foleni KICC Nairobi wakapigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa kigeni wa sarafu za kidijitali, kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama Sh7,000. Serikali ikasimamisha zoezi Agosti hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Pesa nyingi zilishaliwa siku ileile zilipopokewa.

Mwanafunzi wa sheria

Niongeze machache. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Katika kesi ya Huduma Namba, ule mpango wa serikali wa kusajili watu kidijitali, Januari 2020, Mahakama Kuu ilizuia kukusanya DNA na mahali halisi mtu anapoishi kwa GPS, lakini haikufuta usajili wenyewe. Ilitaka sheria za kuulinda ziwepo kwanza. Oktoba 2021 mahakama ikabatilisha utoaji wa kadi zake kwa sababu athari kwa data za watu hazikuwa zimetathminiwa. Kwa hiyo, muuguzi, mahakama hazijasema vidole ni haramu. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuona data zake na kutaka zisahihishwe. Ukilalamika kwa Kamishna wa Data, lalamiko linatakiwa limalizwe ndani ya siku 90.

Mbajuni wa Kizingitini

Siku 90, na mgonjwa yuko kwenye boti?

Muuguzi, Lamu

Hapo mmenishika. Mgonjwa wa dharura tunampokea, hatumwachi mlangoni. Lakini yule wa kliniki ya sukari ambaye kidole hakisomi, kusema kweli inategemea nani yuko zamu. Mmoja atahangaika kupiga simu, mwingine atamwambia arudi.

Mwanzisha mada

Hilo la "nani yuko zamu" ndilo ninalopigana nalo. Siku ya kura kidole kikikataa, karani anakutafuta kwa namba ya kitambulisho, fomu 32A inajazwa mbele ya mawakala, unapiga kura. Kwa nini kura iwe na fomu na dawa ya sukari isiwe nayo? Naandika barua kwa wawakilishi wetu wa wadi na kwa wakuu wa hospitali, kuomba fomu ya namna hiyo na jina la afisa wa kuitia saini. Mwenye mzazi ambaye vidole vyake havisomeki aniandikie faraghani, kijiji na huduma aliyokosa tu. Namba ya kitambulisho msinitumie.