Kwa nini saa za vifaa vya nyumbani hazipatani?

Mdadisi aliuliza:

Ninaomba ufafanuzi kutoka kwa wenye ujuzi. Miezi michache iliyopita nilizirekebisha saa zote za nyumbani kwa kufuata simu, lakini sasa ya ukutani imebaki nyuma kwa dakika mbili hivi, ya oveni ya maikrowevu imekwenda mbele kidogo, na ya kompyuta hukosea kwa saa nzima kadhaa huku dakika zake zikiwa sahihi. Ikiwa sekunde ni ileile kila mahali, kwa nini zitofautiane, na niiamini ipi?

Fundi Saa alijibu:

Ndugu Mdadisi, sekunde ni ileile, ila kila kifaa kina njia yake ya kuihesabu. Ndani ya saa ya ukutani ya betri mna kipande kidogo cha fuwele ya kwatzi, kilichochongwa mfano wa uma wenye meno mawili, ambacho kikipitishiwa umeme hutikisika mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo haikuteuliwa ovyo, kwani ukiigawa kwa mbili mara 15 mfululizo unapata moja kamili, na ugawaji wa namna hiyo ni kazi nyepesi kwa sakiti ya bei nafuu. Tatizo ni kwamba hakuna fuwele iliyochongwa kikamilifu. Kosa la sehemu 20 katika kila milioni ni la kawaida kabisa, nalo katika siku yenye sekunde 86,400 ni takriban sekunde 1.7, yaani kama sekunde 50 kwa mwezi na zaidi ya dakika 10 kwa mwaka. Joto nalo lina athari: fuwele hizi hutengenezwa zitikisike vizuri kwenye nyuzi joto 25 hivi za Selsiasi, na mahali penye joto zaidi au baridi zaidi ya hapo huanza kupunguza mwendo. Kwa hiyo saa yako ya ukutani si mbovu, inapoteza majira kama wenzake wote.

Mtu wa Gridi alijibu:

Maelezo ya Fundi Saa ni sahihi kwa saa za betri, lakini yasichukuliwe kuwa yanahusu kila kifaa, maana baadhi ya oveni na redio za mezani hazitegemei fuwele bali huhesabu mizunguko ya umeme wa mkondo geu unaotoka ukutani, ambayo ni 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi. Mitambo ya kuzalisha umeme ikizidiwa na matumizi, mizunguko hupungua kidogo na saa hizo huchelewa. Matumizi yakishuka, huenda mbele. Mfano mzuri ni wa mwaka 2018, ambapo kutokana na mvutano kati ya Serbia na Kosovo kuhusu umeme, wastani wa mizunguko katika gridi (mtandao wa nyaya za umeme uliounganishwa) ya bara la Ulaya ulishuka hadi takriban 49.996 kwa sekunde. Upungufu huo ni mdogo mno kwa macho, lakini kati ya katikati ya Januari na mwanzoni mwa Machi ulizichelewesha saa za aina hiyo kwa takriban dakika sita katika nchi nyingi, hadi waendeshaji wa gridi walipoongeza kasi kidogo kwa makusudi ili kulifidia deni. Kama saa ya oveni yako huenda mbele kisha ikarudi yenyewe bila kuguswa, basi inahesabu umeme wa ukutani.

Mtandao Poa alijibu:

Suala la kompyuta ni tofauti kabisa. Saa inayokosea kwa saa nzima huku dakika zikiwa sahihi haina tatizo la kuhesabu. Imekosewa ukanda wa saa, au kompyuta ina mifumo endeshi miwili, kwani Windows huhifadhi saa ya mahali ulipo kwenye bodi kuu ilhali Linux kwa kawaida huhifadhi ile ya dunia, UTC, na kila mmoja huvuruga hesabu ya mwenzake. Kama ingekuwa inarudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma kila inapozimwa, ningeilaumu betri ndogo ya bodi.

Ya kuaminiwa ni simu. Fuwele yake haina ubora wa ajabu, bali hurekebishwa mara kwa mara na mtandao wa simu au na seva za NTP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kulinganisha saa za kompyuta mtandaoni iliyoasisiwa na David Mills na kuchapishwa mwaka 1985, ambayo hupima muda ambao ujumbe hutumia kwenda na kurudi ili kuukadiria ucheleweshaji wa njiani. Usiirekebishe saa yoyote kwa ile unayoiona kwenye matangazo ya televisheni ya kidijiti, kwa sababu picha huchelewa kwa sekunde kadhaa hadi ikufikie.

Mdadisi aliuliza tena:

Ninawashukuru nyote. Je, nikiweka betri mpya, saa ya ukutani itapoteza majira kidogo zaidi?

Fundi Saa alijibu:

Kwa kiasi kidogo mno, kwa kuwa mwendo wa fuwele haubadiliki sana betri inapopungua nguvu. Kinachoanza kushindwa ni mota ya mishale: mara nyingi utauona mshale wa sekunde ukitetemeka papo hapo karibu na namba tisa, ambapo unapanda na uzito wake ni mkubwa zaidi kwa mota. Ukiuona hivyo, badilisha betri.